Rada moja, kazi mia: kompyuta inavyopanga zamu za kutazama anga

Rada nyingi za kisasa hazizungushi tena shingo ili kutazama. Huelekeza mwale wake upande wowote kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, na tatizo lililobaki mbele ya wahandisi si nguvu za mtambo tu bali ni ratiba: nini kitazamwe sasa, nini kisubiri, na kisubiri hadi lini. Miongoni mwa njia zinazotumiwa kulijibu swali hilo imo moja isiyosikika sana nje ya vyuo vikuu na viwanda vikubwa, nayo ni utungaji wa programu za kompyuta kwa masharti.

Rada ya Uingereza, watangazaji hupenda kukumbusha, ilizaliwa mlangoni pa redio. Tarehe 26 Februari mwaka 1935, karibu na mji wa Daventry, mwanasayansi Robert Watson-Watt na msaidizi wake Arnold Wilkins walitega chombo cha kupokelea mawimbi ndani ya gari lililoegeshwa shambani. Hawakuwa na mtambo wao wa kurushia mawimbi. Walitumia ule wa masafa mafupi wa shirika la BBC, uliokuwa ukipeleka matangazo ya Idhaa ya Dola katika makoloni. Ndege ya jeshi aina ya Heyford ilipopita katika mawimbi hayo, sehemu yake iligonga mwili wa ndege na kurudi, na alama ya mwanga kwenye kioo cha chombo ikabadilika. Ndege ilitambulika hadi umbali wa kilomita zipatazo 13.

Kwa miongo mingi baada ya jaribio hilo, rada ilijulikana kwa umbo moja: antena inayozunguka juu ya mnara. Za viwanja vya ndege huzunguka mara moja kila sekunde nne au tano hivi. Za kuongoza ndege zilizo safarini huchukua sekunde 10 hadi 12. Antena ya namna hiyo haina uamuzi wa kufanya. Hupita kaskazini, mashariki, kusini na magharibi, ikirudia, iwe kuna kitu au hakuna, na ndege inayohitaji kuangaliwa upesi hungojea zamu yake sawa na anga tupu.

Mambo yalibadilika zilipokuja antena zilizotulia. Hizi ni nyuso bapa zilizopangwa antena ndogondogo, mamia au maelfu. Wimbi la kila antena ndogo likicheleweshwa kwa kipimo fulani, mawimbi yote hujumlikana na kupata nguvu upande mmoja, na hufutana pande nyingine. Kompyuta ikibadilisha vipimo hivyo vya ucheleweshaji, mwale huruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa kipindi kinachopimwa kwa sehemu za milioni za sekunde. Meli ya kivita ya Marekani USS Ticonderoga, iliyoanza kazi rasmi mwaka 1983, ilibeba nyuso nne za aina hii, kila moja ikilinda robo yake ya anga.

Uhuru huo ulikuja na usumbufu wake. Mtambo unaoweza kutazama popote wakati wowote lazima uambiwe utazame wapi, maelfu ya mara kwa sekunde.

Maumbile nayo yana masharti yake

Ili kuelewa ugumu wa kazi hiyo, yafaa kuanza na mambo ambayo hakuna mhandisi awezaye kuyabadilisha.

Wimbi la redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwenda hadi kwenye ndege iliyo umbali wa kilomita 150 na kurudi huchukua sehemu moja ya elfu ya sekunde, yaani milisekunde moja. Rada ikituma mipigo 1,000 ya mawimbi kwa sekunde, mwangwi wa ndege iliyo mbali zaidi ya kilomita 150 utafika wakati mpigo wa pili umekwisha kutoka. Rada, isiyojua mwangwi huo ni wa mpigo upi, itaidhania ndege ya mbali kuwa ya karibu.

Dawa iliyo wazi ni kupunguza idadi ya mipigo. Lakini hapo ndipo maumbile yanapodai malipo, kwani mipigo ikiwa michache upimaji wa kasi huharibika. Rada yenye wimbi la urefu wa sentimita 10, ikituma mipigo 1,000 kwa sekunde, haitofautishi kitu kinachoijia kwa mita 50 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 180 kwa saa, na kitu kilichosimama palepale. Vyote viwili huleta mwangwi unaofanana. Ukiongeza mipigo unapoteza umbali, ukipunguza unapoteza kasi. Kwa hiyo wahandisi hutumia viwango kadhaa vya mipigo kwa kupokezana, vilivyochaguliwa ili kosa la kimoja lisianguke mahali pamoja na kosa la kingine. Kuchagua viwango hivyo, tuseme vinane kati ya mamia yanayowezekana, ni fumbo lenyewe.

Kisha kuna muda. Mwale wenye upana wa digrii moja, ukifika kilomita 100, huwa na upana wa kilomita moja na robo tatu hivi. Ndege inayokwenda mita 250 kwa sekunde huuvuka kwa sekunde saba. Rada iliyoona ndege hiyo, ikishindwa kuirudia kabla ya muda huo na bila kujua inaelekea wapi, itabidi ianze kuitafuta upya. Kitu kipya kilichoonekana mara moja nacho hakina budi kuthibitishwa haraka, maana huenda kikawa ndege wa angani, wingu au kelele za mtambo. Wakati huohuo kila pembe ya anga lazima ipitiwe tena kabla muda wake haujaisha, mtambo usirushe mawimbi mfululizo hadi ukaungua kwa joto, na antena inayotuma haiwezi kusikiliza kwa wakati uleule.

Hakuna sharti hata moja kati ya hayo lililo gumu kulielewa. Ugumu uko katika kuyatimiza yote kwa pamoja.

Mwalimu wa taaluma na ratiba yake

Katika shule za sekondari za Afrika Mashariki kazi ya namna hii inajulikana vizuri. Mwalimu wa taaluma hukaa na karatasi pana mwanzoni mwa muhula, akipanga ratiba: mwalimu wa hisabati asiwe katika vyumba viwili kwa wakati mmoja, maabara isitumiwe na vidato viwili, na yule mwalimu anayetoka mbali asipewe kipindi cha kwanza. Hapangi kwa kuandika ratiba zote zinazowezekana na kuzilinganisha. Huanza na pale penye nafasi finyu kabisa, huweka alama, kisha hutazama alama hiyo imefunga milango gani kwingine.

Utungaji wa programu kwa masharti huifanya kompyuta ifanye kazi kwa namna hiyohiyo. Katika programu ya kawaida, mtaalamu huieleza mashine hatua kwa hatua jinsi ya kufika kwenye jibu. Katika njia hii haelezi hatua. Hutaja mambo matatu tu: vitu visivyojulikana bado, thamani ambazo kila kimoja kinaweza kuchukua, na masharti yanayoviunganisha. Kutafuta jibu huachiwa programu tatuzi.

Programu hiyo hutumia mbinu mbili kwa kupokezana. Ya kwanza ni kufuta. Kila sharti huangaliwa, na thamani yoyote isiyoweza kulitimiza huondolewa. Kuondolewa kwake huweza kuifanya thamani nyingine kwingineko isiwezekane, nayo ikaondolewa, na hivyo hivyo mpaka mambo yatulie. Ya pili ni kubahatisha. Kufuta kukikwama, programu huchagua thamani moja, huifanya kuwa kweli kwa muda, na kuanza kufuta tena. Ikigonga ukuta hurudi nyuma na kujaribu nyingine.

Mawazo haya yana umri mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Ivan Sutherland alionyesha programu ya kuchorea iliyoitwa Sketchpad, ambamo mtumiaji aliweza kuagiza mistari miwili iwe sambamba na mashine ikairekebisha yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, chuoni hapohapo, David Waltz aligundua kwamba katika kutambua maumbo kwenye picha za mistari, kufuta peke yake mara nyingi kulitosha kuleta jibu. Mjini Marseille, Ufaransa, Alain Colmerauer na wenzake walikuwa wameunda lugha ya Prolog mwaka 1972, na ndani ya lugha za ukoo huo ndimo masharti yalimopata makao katika miaka ya 1980. Kampuni ya Ufaransa ILOG, iliyoanzishwa mwaka 1987, iliyapeleka sokoni kabla ya kununuliwa na IBM. Leo programu tatuzi kama Gecode na OR-Tools hupatikana bure kwenye intaneti.

Ndege tatu, vipande saba

Namna njia hii inavyofanya kazi katika rada huonekana vizuri zaidi kwa mfano mdogo, unaoweza kufuatwa kwa kalamu na karatasi.

Chukulia kwamba rada inafuatilia ndege tatu. Ya kwanza iko kilomita 75, na mbili nyingine ziko kilomita 45 kila moja, katika pande tofauti. Muda umekatwa vipande vya sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Kutuma mpigo kunachukua kipande kimoja, na kupokea mwangwi kunachukua kipande kimoja. Kwa ndege ya kilomita 75, mwangwi hufika vipande vitano baada ya kutuma. Kwa zile za kilomita 45, hufika baada ya vipande vitatu. Rada haiwezi kufanya mambo mawili katika kipande kimoja.

Rada isiyo na haraka itashughulikia ndege moja hadi mwisho kisha iingie nyingine. Ya kwanza itachukua vipande sita, ya pili vinne, ya tatu vinne, jumla 14. Lakini sehemu kubwa ya muda huo ni kungoja tu. Je, haiwezekani kutuma mpigo wa ndege ya pili huku mwangwi wa ya kwanza ukingojewa? Inawezekana. Swali ni kwa vipande vingapi.

Kutuma mara tatu na kupokea mara tatu kunahitaji angalau vipande sita. Programu tatuzi ikiambiwa ijaribu sita, hufikiri hivi. Ndege ya kwanza lazima itumiwe mpigo katika kipande cha 1 na kupokelewa katika cha 6. Hakuna nafasi nyingine. Ndege ya pili ingeweza kuanza katika kipande cha 1, 2 au 3. Cha 1 kimeshachukuliwa, hivyo kinafutwa. Cha 3 nacho kinafutwa, maana mwangwi wake ungefika katika cha 6, ambacho tayari kina mwenyewe. Kinabaki cha 2. Ndege ya tatu ina masharti yaleyale, basi nayo inabakiwa na cha 2 tu. Ndege mbili, kipande kimoja: haiwezekani. Programu imefikia uamuzi huo bila kubahatisha hata mara moja.

Ikiambiwa ijaribu vipande saba, kufuta hakutoshi tena, kwani ndege ya kwanza inaweza kuanza katika cha 1 au cha 2. Programu inachagua cha 1, na kupokea kunaangukia cha 6. Kwa ndege ya pili, cha 1 na cha 3 vinafutwa kwa sababu zilezile, vinabaki cha 2 na cha 4. Inachagua cha 2, kupokea katika cha 5. Ya tatu inabakiwa na cha 4, kupokea katika cha 7. Kila kitu kimekaa mahali pake, na kipande cha 3 peke yake hakina kazi. Muda umepungua kutoka vipande 14 hadi saba, ambao ni nusu, na imethibitishwa kwamba hakuna ratiba iliyo fupi zaidi.

Wataalamu wa upangaji wa kazi walilieleza tatizo hili rasmi mwaka 1980, kwa jina la kazi zilizofungwa mbili-mbili, wakiwa na rada akilini. Tangu hapo imethibitishwa kwamba kwa ujumla wake ni miongoni mwa matatizo magumu kabisa, yale ambayo hakuna ajuaye njia ya haraka isiyoshindwa kuyatatua. Sababu yake huonekana katika hesabu. Kazi 20 zinaweza kupangwa kwa kufuatana kwa namna zaidi ya milioni milioni milioni mbili. Kompyuta inayokagua namna bilioni moja kila sekunde ingehitaji miaka ipatayo 77 kuzimaliza zote. Mbinu ya kufuta hukata matawi makubwa ya mti huo bila kuyapanda.

Dhoruba ipi iachwe

Mfano wa ndege tatu una upungufu mmoja: masharti yake yote hutimia. Angani si hivyo. Rada yenye kazi nyingi kuliko muda wake lazima iache baadhi, na hapo wahandisi hugawa masharti makundi mawili. Yapo magumu, yanayotokana na maumbile, ambayo hayavunjwi. Yapo laini, yanayovunjwa kwa kulipa gharama fulani iliyowekwa na binadamu, na programu hutafuta mpango wenye gharama ndogo kabisa.

Ni nani huweka gharama hizo? Swali hili lilijitokeza wazi kusini-magharibi mwa jimbo la Oklahoma, Marekani, nchi ya vimbunga vya tornado. Rada kubwa za hali ya hewa za Marekani huona mbali, lakini dunia ni mviringo: kwenye umbali wa kilomita 150, hata mwale ulioinuliwa nusu digrii tu huwa umepanda zaidi ya kilomita mbili na nusu juu ya ardhi. Kinachotokea chini ya hapo, ambako nyumba na watu wamo, hakionekani vizuri.

Mradi wa CASA, ulioanza mwaka 2003 ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Amherst, ulijaribu dawa nyingine: rada ndogo nne, kila moja ikiona kilomita zipatazo 40 tu, zilizowekwa karibu-karibu katika sehemu za Chickasha, Rush Springs, Cyril na Lawton. Rada hizo hazikuzunguka ovyo. Kila dakika moja kompyuta ilipokea picha ya dhoruba zilizopo na kuamua kila rada itazame pembe ipi ya anga katika dakika inayofuata.

Masharti yalikuwa yanabana kweli. Ili kupima upepo unavyozunguka, dhoruba moja lazima itazamwe na rada mbili kutoka pande tofauti, kwani rada moja hupima tu mwendo wa kuijia au kuikimbia. Mawimbi ya rada hizo, yenye urefu wa sentimita tatu, hufifia katika mvua kubwa, hivyo dhoruba iliyojificha nyuma ya nyingine inahitaji jicho la upande wa pili. Rada iliyopewa pembe pana hupitia kila mahali kwa juujuu. Iliyopewa pembe nyembamba huchunguza kwa undani lakini haioni kwingine.

Na wateja hawakufanana. Watabiri wa hali ya hewa walitaka jambo moja, maofisa wa uokoaji wanaopiga ving'ora walitaka lingine, watafiti jambo la tatu. Matakwa yao yaliandikwa kama masharti laini yenye uzito. Kwa maneno mengine, uamuzi wa kuiacha dhoruba fulani bila kutazamwa kwa dakika moja uliandikwa mapema, mezani, na watu waliokuwa na muda wa kuujadili. Huo, pengine kuliko kasi ya kompyuta, ndio ubora mkubwa wa njia hii: masharti yako wazi, yanasomeka, na anayepinga uzito fulani anajua ataunyoshea kidole wapi. Watafiti wa chuo hicho walijaribu pia kuziacha rada zipatane zenyewe bila kituo kikuu, kila moja ikijadiliana na jirani zake. Mwaka 2012 mradi ulihamia eneo la miji ya Dallas na Fort Worth, Texas.

Swali la mahali pa kuisimika

Kabla rada haijapangiwa zamu, lazima ijengwe mahali fulani, na hapo masharti huingia tena. Zoezi moja lililotoka katika Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta ya Sweden, SICS, limekuwa kipimo cha kushindanisha programu tatuzi duniani. Nchi imegawanywa visanduku. Zimo rada kadhaa zisizohama, kila moja ikiwa na pande sita, na nguvu ya kila upande inaweza kuwekwa kuanzia sifuri hadi tatu. Kila kisanduku chenye umuhimu kifikiwe na rada tatu. Visivyo na umuhimu visifikiwe kabisa. Programu hutafuta nguvu za kila upande wa kila rada.

Kwa wasikilizaji wa Tanzania, neno rada lina historia ambayo si ya kihandisi tu. Mwaka 2001 serikali ya Uingereza iliidhinisha mauzo ya mfumo wa rada wa kampuni ya BAE Systems kwa Tanzania, kwa pauni milioni 28. Benki ya Dunia ilipinga bei hiyo, na uchunguzi wa wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ulisema mfumo huo ni ghali mno na hautoshelezi mahitaji ya ndege za kiraia. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani, mjini London, kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za mahesabu, na pauni milioni 29.5 zikaelekezwa kwa Watanzania. Fedha hizo, zilizotumika kununulia vitabu na madawati ya shule za msingi, mitaani ziliitwa chenji ya rada.

Mjadala wa wakati ule ulihusu zaidi fedha na siasa, na ilikuwa haki yake. Lakini ndani yake lilikuwamo swali la masharti. Antena iliyo mita 25 juu ya ardhi huiona ndege inayoruka mita 10,000 hadi umbali wa kilomita zipatazo 430, kwa sababu ya mviringo wa dunia, hata nguvu ya mtambo ikiongezwa mara kumi. Ndege iliyo mita 100 tu huonekana hadi kilomita 60 hivi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 800 kwa mstari wa moja kwa moja. Hakuna bei inayoweza kuifanya rada iliyo Dar es Salaam ione anga ya Ziwa Victoria. Mwaka 2017 Tanzania ilitia saini mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa kwa ajili ya rada nne za kiraia, za kuwekwa Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe.

Ni katika maswali ya namna hii ambapo neno "haiwezekani" lina thamani ya fedha. Mbinu nyingi za kompyuta hutafuta jibu zuri, na zisipolipata hunyamaza. Mnunuzi hajui kama jibu halipo au halijaonekana. Programu ya masharti, ikipewa muda wa kutosha, inaweza kuthibitisha kwamba mahitaji yaliyoorodheshwa hayapatani, kama ilivyothibitisha katika mfano wa vipande sita. Mnunuzi akiambiwa hivyo kabla ya kutia saini, anajua lipo sharti la kulegeza.

Pale muda unapokataa

Hata hivyo, njia hii haijaingia katika kila rada, na kuna sababu. Kutafuta ratiba bora kabisa kunaweza kuchukua sekunde, saa au siku, na hakuna anayeweza kutabiri kwa hakika ni lipi kati ya hayo. Rada iliyo kazini inahitaji uamuzi kabla milisekunde chache hazijapita. Kwa sababu hiyo rada nyingi huongozwa na kanuni nyepesi: kila kazi ina daraja, na ya daraja la juu hutangulia. Kanuni hizo hazihakikishi ubora, lakini hazichelewi.

Mahali ambapo masharti hutawala zaidi ni kiwandani na maabara. Mipango ya mialo ya utafutaji hukokotolewa mapema, kwa siku nzima ikibidi, kisha huhifadhiwa katika kumbukumbu ya rada kama jedwali. Ratiba bora hukokotolewa kwa mazingira ya mfano, halafu kanuni nyepesi hupimwa dhidi yake, ili ijulikane zimepungukiwa kiasi gani. Wapo pia wanaoikata programu tatuzi muda ukiisha na kuchukua jibu bora lililopatikana hadi hapo.

Upo udhaifu mwingine usiotokana na kasi. Programu hutii kilichoandikwa. Sharti lililosahauliwa, kwa mfano joto la mtambo, halitaulizwa na mashine. Italeta ratiba nzuri ajabu ambayo rada halisi ingeungua ikiifuata.

Fumbo la mraba wa 32

Kuna sehemu moja ya usanifu wa rada ambako programu za masharti bado zinakutana na ukuta. Katika miaka ya 1960 mhandisi wa Marekani John Costas, wa kampuni ya General Electric, alitaka mpigo wa sonari, ndugu wa rada anayetumia sauti majini, ambao hautachanganya umbali na kasi. Alifikiria mpigo unaoruka kutoka masafa moja hadi mengine kwa mpangilio maalumu, kila masafa yakitumika mara moja. Mpangilio huo ukisogezwa mbele au nyuma kwa wakati, au juu au chini kwa masafa, usilingane na asili yake kwa zaidi ya alama moja.

Kwa masafa manne, mpangilio wa 1, 2, 4, 3 unafaa. Tofauti kati ya kila namba na inayofuata ni moja, mbili na kutoa moja. Zote ni mbalimbali. Tofauti za namba zilizoachana kwa hatua mbili ni tatu na moja. Nazo ni mbalimbali. Mpangilio wa 1, 2, 3, 4 haufai, kwani tofauti ni moja, moja na moja. Sharti ni hilo tu, tofauti zisijirudie, na huandikwa katika programu tatuzi kwa mistari michache.

Lakini mistari hiyo michache imewashinda wengi. Idadi ya mipangilio inayofaa hupanda hadi 21,104 kwa masafa 16, kisha huanza kushuka. Kompyuta zimekwisha kuorodhesha yote hadi masafa 29, ambako imebaki 164 peke yake. Zipo kanuni za hisabati zinazotoa mipangilio kwa namba fulani kubwa zaidi, lakini kwa 32 na 33 hazitoi chochote. Mpaka sasa hakuna aliyepata mpangilio wa masafa 32, na hakuna aliyethibitisha kwamba haupo.